Mshenga Asiyetumwa

Desemba 2025 ilitimia miaka 250 tangu Jane Austen azaliwe katika kijiji cha Steventon, Hampshire, na kwa sababu ya maadhimisho hayo riwaya zake zimerudi mikononi mwa wengi, hata huku kwetu, ambao pengine hawakuzigusa tangu walipomaliza shule. Katika kikundi cha usomaji nilichomo tulichagua Emma. Majuma matatu ya mjadala yalitoa hukumu mbili tu. Ya kwanza ilisema hii ni hadithi tamu ya binti mwenye kiherehere cha kuozesha watu, mapenzi yakamtia adabu, basi. Ya pili, iliyotolewa kwa hasira, ilisema binti huyu ni mtoto wa tajiri aliyedekezwa, na mtu mzima hana sababu ya kukesha akimfuatilia. Hukumu hizo mbili ndizo ninazokutana nazo kila Emma anapotajwa, na ninaamini zote zimejikwaa kwenye kisiki kimoja. Zinadhani kosa lake ni kuunganisha watu. Kosa la Emma ni kuweka maisha ya wenzake rehani huku ya kwake yakiwa salama, na riwaya nzima, pamoja na vichekesho vyake vyote, imeandikwa ili tuone ni nani anayelipa pale tajiri anapokosea hesabu.

Kwa asiyeisoma, habari yenyewe ni hii. Emma Woodhouse ana umri wa karibu miaka 21, mzuri wa sura, ana akili, na amewekewa pauni 30,000, fedha ambazo riba yake peke yake ingemtosha kuishi kibibi hadi kufa. Anaishi Hartfield, nyumba kubwa kuliko zote katika mji mdogo wa Highbury, maili 16 kutoka London, pamoja na baba yake, mzee mwema anayeogopa upepo, keki za harusi na chakula chochote kizito kuliko uji. Mama alifariki Emma akiwa mdogo. Mwalimu wake wa nyumbani, Miss Taylor, ambaye kwa miaka 16 alikuwa mlezi na baadaye rafiki, ameolewa na jirani, Mr. Weston, na Emma anajipa sifa kwamba ndoa hiyo ni kazi ya mikono yake. George Knightley, jirani mwenye mashamba na shemeji wa dada yake, anamwambia wazi kuwa alibahatisha tu. Emma hasikii. Anamchukua Harriet Smith, msichana wa miaka 17 aliyeachwa katika shule ya bweni, mtoto wa nje ya ndoa asiyejua baba yake ni nani, na kuamua kumwozesha kwa Mr. Elton, kasisi wa pale. Yanayofuata ni makosa juu ya makosa.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuona jambo ambalo msomaji wa Kiingereza anaweza kulipita. Sisi tuna mshenga, na kila aliyewahi kukaa kwenye mkeka wa posa anajua kwamba mshenga hutumwa. Anabeba maneno ya watu wengine, anapeleka barua, anarudisha jibu. Ndoa ikifunga hana tena la kusema, ila ikipata nyufa yeye ni wa kwanza kuitwa, kwa sababu alikuwepo tangu neno la kwanza na hawezi kujitoa. Ushenga ni dhamana. Kuwadi naye, pamoja na ubaya wote wa jina lake, ana ujira wake na kila mtu anajua anachokitafuta. Emma hakutumwa na mtu yeyote, wala haombwi ushauri, na jambo likiharibika hakuna baraza litakalomwita. Hachukui senti. Anachokichukua ni raha ya kuona mambo yakienda kama alivyoyapanga kichwani, na raha hiyo ni hatari kuliko ujira, kwa kuwa mwenye kuitafuta humwona mtu aliye mbele yake kama kete.

Tazama siku barua ya Robert Martin inapofika. Martin ni mkulima wa miaka 24, amepanga shamba la Abbey-Mill katika ardhi ya Mr. Knightley, na Harriet aliwahi kukaa kwao miezi miwili ya furaha tupu. Walikuwa na ng'ombe wanane, na mmoja wao, mdogo wa Kiwelshi, Harriet alimpenda hata mama mwenye nyumba akasema aitwe ng'ombe wa Harriet. Siku moja Martin alizunguka maili tatu ili amletee njugu za walnut kwa kuwa alimsikia akisema anazipenda. Sasa ameandika kuposa. Emma anaisoma barua na kushtuka kwamba imeandikwa vizuri, kwa lugha safi na moyo wa heshima. Kwanza anadhani dada mtu ndiye aliyeiandika. Kisha anakiri mwenyewe, kwa sauti, mbele ya Harriet, kuwa hapana, huu ni mkono wa mwanamume mwenye akili yake. Ukweli umemfikia, ameushika na kuusoma, akaukunja na kumrudishia Harriet. Halafu anasema hawezi kumshauri. Anaongeza tu kwamba mwanamke mwenye shaka kama amkubali mwanamume au la, basi amkatae. Na Harriet anapokwisha kukataa, Emma ndipo anapotamka kwamba asingeweza kumtembelea mke wa Robert Martin wa Abbey-Mill. Hakumlazimisha. Alimwonyesha mlango ambao ungefungwa. Kwa msichana asiye na jina wala jamaa, ambaye heshima yake yote Highbury imetokana na kuonekana ameshikana mikono na bibi wa Hartfield, huo ulikuwa mzigo mkubwa kuliko amri.

Na kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kasisi ambaye, usiku wa kuamkia Krismasi, ndani ya gari la farasi linalorudi kutoka karamuni huku theluji ikitishia njia, anamshika Emma mkono na kumposa yeye, na kushangaa kabisa kwamba jina la Harriet limetajwa. Kila mtu ana daraja lake, anasema. Siku chache baadaye anaenda mji wa Bath, na baada ya majuma machache anarudi amepata mchumba mwenye pauni 10,000 au karibu yake. Tunacheka, na tunastahili kucheka, maana Austen ametega kila kitu kwa ustadi: picha aliyoichora Emma, ambayo kasisi aliipeleka London kutiwa fremu kwa sababu ya mchoraji na si ya aliyechorwa, kitendawili kuhusu uchumba ambacho Emma alikifumbua na kumkabidhi mtu mwingine. Lakini kesho yake Emma anaamka na pauni zake 30,000 ziko palepale. Harriet anaamka amempoteza Martin, amempoteza kasisi, na amefundishwa kujiona mkubwa kuliko watu waliompenda.

Wapo wanaomtetea Emma kwa hoja ya upweke wa akili, na hoja hiyo naiheshimu. Huyu ni mwanamke mwenye uwezo wa kuendesha wilaya, na katika Uingereza ya 1815 hakuna chuo kikuu kitakachompokea, hakuna bunge, hakuna madhabahu, hakuna ofisi. Hajawahi kuiona bahari. Box Hill, kilima maarufu kilichoko maili saba tu kutoka kwao, hajawahi kukikanyaga mpaka riwaya inakaribia mwisho, kwa sababu hawezi kumwacha baba. Kila jioni anapanga meza ya karata kwa ajili ya vikongwe na kuhakikisha wamekula bila baba kuwanyang'anya sahani kwa huruma. Akili ya namna hiyo ikikosa kazi hutafuta kazi, na kazi pekee iliyo wazi kwake ni maisha ya watu. Austen, ambaye alifariki 1817 akiwa na miaka 41 bila kuolewa, na ambaye mwaka 1802 aliwahi kukubali posa jioni na kuivunja asubuhi yake, alijua vizuri ukuta huo ulivyo. Ila hoja hii inaeleza chanzo cha kosa bila kuliondoa. Na mwandishi mwenyewe ameijibu kwa kumweka katika mji uleule Jane Fairfax, msichana wa umri uleule, fundi wa piano kuliko Emma, mwenye akili zaidi na nidhamu zaidi, yatima, asiye na fedha. Ukuta ni mmoja kwa wote wawili. Mmoja anaugeuza kuwa mchezo kwa sababu ana pa kulala.

Hoja nyingine inatoka kwa wasomaji wanaokereka na Mr. Knightley. Mwanamume wa miaka 37 au 38, aliyemzidi Emma miaka 16 na kumjua tangu akiwa mchanga, ndiye anayemsahihisha kila mara, na mwisho ndiye anayemwoa. Je, riwaya si somo la mwanamke mwerevu kufundishwa kunyamaza? Sikubali moja kwa moja, ingawa sithubutu kuitupa hoja hiyo. Knightley mwenyewe hukosea. Chuki yake kwa Frank Churchill, kijana mtanashati, mwana wa Mr. Weston, ni wivu uliovaa joho la maadili, na Austen anatuachia tuuone. Kuhusu Harriet pia anakuja kukiri kwamba alimdharau kupita haki. Tena, katika kurasa za mwisho ni yeye anayemtuma Robert Martin kwa ndugu yake London na karatasi za kazi, wakati Harriet yuko kwa ndugu huyohuyo, na huko ndiko wawili wale wanakokutana upya na kuelewana. Kwa maneno mengine, ndoa pekee iliyosaidiwa kwa mafanikio katika kitabu hiki ameisaidia yule aliyemkemea Emma kwa kuunganisha watu. Kwa nini basi yake ni halali? Kwa sababu Martin alimfuata mwenyewe, akakaa naye, akamweleza mapato yake na nia yake, akamwomba shauri. Knightley alitumwa. Hata hivyo yeye ndiye mwenye ardhi na Martin ni mpangaji wake, na mpangaji anapomwomba ushauri mwenye ardhi, uhuru wake una mipaka. Hilo riwaya hailifungui vya kutosha, na anayelilalamikia ana haki.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa sana, ni kwamba hakuna aliyeumia. Mwisho zinafungwa ndoa tatu, Harriet anampata Martin wake, Jane anampata Frank, kila mmoja kwake, kwa nini tulie? Anayesema hivyo amepitia haraka mno siku ya mandari ya Box Hill. Jua ni kali, watu wamegawanyika vikundi, mazungumzo hayashiki. Frank Churchill, kwa kumfurahisha Emma, anatangaza kwamba bibi huyu anataka kila mtu aseme jambo moja la akili sana, au mawili ya akili kiasi, au matatu ya kipuuzi kabisa. Miss Bates, mwanamke wa makamo asiye na mume, sura wala fedha, anayeishi na mama yake mzee katika vyumba vya ghorofani na mtumishi mmoja, anaitikia kwa ucheshi wake wa kawaida: hayo matatu ya kipuuzi ndiyo yake, atayasema mara tu akifungua kinywa. Emma anajibu kwamba patakuwa na ugumu, kwa sababu safari hii idadi ina kikomo, matatu tu kwa mkupuo.

Miss Bates haelewi mara moja. Kisha anaelewa, uso unamwiva kidogo, na anamgeukia Knightley kusema kwamba ni kweli, lazima awe amechosha sana, la sivyo Emma asingemwambia rafiki wa siku nyingi neno kama hilo. Nimesoma vita, nimesoma njaa na magereza, na bado mstari huo hunibana koo. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyeibiwa. Mwanamke maskini ametukanwa mbele ya watu na mtu ambaye familia yake humpelekea nyama ya nguruwe wakichinja, na kwa hiyo hawezi kukasirika. Shukrani imemfunga mdomo. Wakati wa kuondoka Knightley anamfuata Emma hadi kwenye gari na kumwambia alichofanya, na haishii kwenye tabia njema. Anaongelea fedha: Miss Bates ni maskini, ameshuka kutoka raha alizozaliwa nazo, na akiishi hadi uzeeni huenda atashuka zaidi. Angekuwa tajiri, anasema, mngekuwa sawa na ningekuachia utani wako. Hiyo ndiyo kanuni ya kitabu kizima imesemwa waziwazi, na ajabu ni kwamba wengi huikumbuka kama ugomvi wa wapenzi.

Jane Fairfax naye aliumizwa, kwa njia ya kimya zaidi. Emma, kwa kuchoka na kusikia sifa zake, alijitungia kwamba Jane anapendwa kisiri na mume wa rafiki yake, Mr. Dixon, na piano iliyofika ghafla kutoka London ni zawadi ya huyo. Akamnong'oneza Frank Churchill. Kumbe Frank ndiye mchumba wa siri wa Jane, na piano ameinunua yeye siku aliyodai kwenda London kukata nywele. Msomaji hucheka kwa kugundua hivyo. Lakini Jane alikuwa karibu kutafutiwa kazi ya kufundisha watoto wa matajiri majumbani mwao, na msichana wa namna hiyo ana mali moja tu, jina lake safi. Ni Jane anayezungumza juu ya ofisi za kutafuta kazi hizo kuwa ni mahali pa kuuza, si miili ya watu hasa, bali akili zao, na mke mpya wa kasisi, aliyetoka Bristol, bandari yenye historia ya biashara ya watumwa, anaposhtuka kudhani amegusa biashara hiyo, Jane anasema wenye kuendesha biashara hizi mbili wametofautiana sana kwa hatia, ila mateso ya wanaouzwa hajui wapi ni makubwa zaidi. Unaweza kubishana na ulinganisho huo, nami nina ubishi nao mwingi. Huwezi kubisha kwamba aliyeusema alikuwa amesimama ukingoni, na Emma alikuwa akimchezea nyuma ya mgongo.

Kama ni hivyo, mbona wengi wetu tunamaliza kitabu tukikumbuka tamasha la ngoma na harusi? Jibu liko kwenye ufundi. Austen anasimulia kwa nafsi ya tatu, lakini kalamu yake imeketi ndani ya kichwa cha Emma kiasi kwamba makisio ya Emma yanatufikia yamevaa nguo za ukweli. Hatuambiwi kwamba Emma alidhani kasisi anampenda Harriet. Tunaonyeshwa kasisi akihema mbele ya picha, nasi tunakubali. Niliposoma mara ya kwanza, nikiwa na miaka 19, nilidanganyika pamoja naye kwa kila jambo. Niliamini habari ya Dixon. Nilimwona Martin ni mshamba. Niliposoma mara ya pili ushahidi wote ulikuwa mezani tangu mwanzo, na nikaona aibu ya kweli, kwa sababu nilikuwa nimeshiriki. Ndiyo maana Emma anayelainishwa, wa kwenye majalada ya waridi na matangazo ya filamu, anatunyima kitu. Mpwa wa Austen ameandika kwamba shangazi yake alisema anamchukua mhusika mkuu ambaye hakuna atakayempenda sana isipokuwa yeye mwenyewe. Kitabu kilitoka Desemba 1815, nakala 2,000, kimetabarukiwa kwa mwanamfalme aliyekuwa akitawala badala ya baba yake mgonjwa, mtu ambaye Austen hakumpenda hata kidogo. Mwandishi Walter Scott alikisifu. Miaka minne baadaye nakala zaidi ya 500 zilikuwa bado zimelala kwa mchapishaji. Mwandishi alijua anachokifanya na alikubali gharama yake.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wake. Mtihani wa fasihi umetuzoesha kumpima mhusika kwa kielelezo: huyu ni kielelezo cha uadilifu, yule cha usaliti, orodhesha sifa tano. Tunafundishwa kumtenga mhusika bapa na mhusika duara, kisha tunamsahihisha mwanafunzi anayesema mhusika ni mwema na ameumiza watu. Waandishi wachanga wanaoniletea miswada huwa na mwanamke mkuu ambaye amedhulumiwa na kila mtu na hajawahi kumdhulumu yeyote. Nawauliza, je, hajawahi kumsaidia mtu kwa namna iliyomharibia? Shangazi aliyemtoa mtoto wa ndugu kijijini kumleta mjini kwa wema, akampangia masomo, rafiki na mume. Mfadhili anayejua kijiji kinahitaji nini kabla hajashuka kwenye gari. Sisi wenyewe tuliosoma kidogo, tunapowaamulia wasiosoma. Mtu mbaya ni rahisi kumwandika. Mtu mwema mwenye nguvu asiyetumwa na yeyote, na ambaye wote hulazimika kumshukuru, anahitaji mkono wa subira kama huu, na wahariri wanaoacha kumwomba mwandishi amfanye apendeke.

Asubuhi baada ya Box Hill Emma anakwenda kwa kina Bates mapema, kabla ya saa za kawaida za wageni, na hapo nampenda kweli. Anapokelewa kwa shukrani zilezile, zenye mtetemo kidogo ambao haukuwepo. Jane haonekani. Siku zinazofuata Emma anapeleka unga wa uwanga ili Jane, anayesemekana kuumwa, apikiwe uji, unarudishwa na salamu nzuri, kisha anasikia kwamba mchana huohuo Jane ameonekana akitembea mabondeni peke yake. Emma anaelewa kwamba hakutakiwa yeye. Tajiri amepewa jibu, na analipokea.

Kwa muda sasa nimekuwa nikijaribu kuweka kwa Kiswahili kurasa za mwisho, kwa ajili ya kikundi chetu tu. Imejulikana kuwa baba wa Harriet ni mfanyabiashara, mtu wa fedha za kutosha, wala si bwana mkubwa kama Emma alivyoota. Harriet anarudi Abbey-Mill kama mke. Ukaribu wake na Emma lazima upungue, Austen anaandika, urafiki wao ugeuke kuwa wema uliotulia zaidi, na kwa bahati njema jambo hilo limeshaanza lenyewe. Neno hilo la bahati njema limenikalisha usiku mzima. Ni la nani? Ni la msimulizi, au ni Emma anayepumua kwa sababu hatalazimika kuufunga mlango kwa mkono wake? Nimeliandika, nimelifuta, nimelirudisha, na mwisho nimeliacha lilivyo, bila jina la mwenyewe.